Padri Angelo Secchi: mtazama nyota aliyetuachia sahani ya kupimia maji

Kila mvuvi wa Mara ana namna yake ya kusoma maji. Yupo anayechovya kasia na kuangalia linapotea machoni kwa kina gani. Yupo anayetazama rangi: kijani, kahawia ya tope la mvua, au weusi wa maji makuu. Wazee wengi wa mwambao wa Musoma na Bunda husema kwamba zamani waliona mawe ya chini mahali ambapo leo hawaoni hata nusu ya kasia.

Katika vipindi vyetu vya mazingira swali hili hurudi mara kwa mara: je, maji ya ziwa yamebadilika kweli, au ni kawaida ya wazee kuisifu zamani yao? Jibu lipo. Lipo kwa sababu watu wa vizazi mbalimbali walipima maji ya Ziwa Viktoria kwa kifaa kilekile, wakaandika walichokiona. Kifaa chenyewe ni sahani nyeupe iliyofungwa kamba, basi.

Leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye sahani hiyo inaitwa kwa jina lake. Alikuwa padri wa Roma, hakuwahi kuliona ziwa letu, na kazi yake kubwa ilikuwa kutazama jua na nyota.

Mtoto wa seremala

Angelo Secchi alizaliwa Juni 1818 katika mji wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika tawala ndogondogo, na Papa mwenyewe alitawala eneo kubwa la katikati, Roma ikiwa makao yake makuu.

Baba yake alikuwa seremala. Tunalitaja hilo kwa sababu maisha yake yote Secchi alikuwa mtu wa kutumia mikono. Alipohitaji chombo ambacho hakikuwepo, alikaa na mafundi wakakitengeneza.

Alisoma shule ya Wajesuiti mjini kwao, na mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 15, akaingia katika shirika hilo huko Roma. Wajesuiti wanajulikana kwa shule zao, na walimu wake waliona mapema kwamba kijana huyu alikuwa na kichwa cha hesabu na fizikia. Alifundisha fizikia katika chuo cha shirika huko Loreto, kisha akarudi Roma kusomea teolojia. Alipata upadrisho mwaka 1847.

Ukimbizini

Mwaka uliofuata, 1848, mapinduzi yalienea katika nchi nyingi za Ulaya. Roma nayo ilichafuka, na Wajesuiti wakafukuzwa. Padri Secchi, akiwa hajatimiza hata mwaka katika upadri, akawa mkimbizi. Alikwenda kwanza Uingereza, katika chuo cha Stonyhurst, kisha akavuka bahari mpaka Marekani, akafundisha katika chuo cha Georgetown mjini Washington.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua kwamba ukimbizi huvunja watu wengi. Kwa Secchi ulifungua mlango. Huko Washington alifahamiana na Matthew Fontaine Maury, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa akichunguza pepo na mikondo ya bahari.

Maury hakuzunguka bahari zote yeye mwenyewe. Aliwaomba manahodha waandike kila siku walichokiona: upepo unatoka wapi, mkondo unaelekea wapi, joto la maji ni kiasi gani. Kisha alikusanya madaftari hayo na kuchora ramani zilizofupisha safari za meli. Nahodha mmoja na daftari lake asingeweza kueleza mengi kuhusu bahari. Mamia ya madaftari yaliyoandikwa kwa utaratibu mmoja yalieleza.

Fikra hiyo ya kupima kwa utaratibu mmoja, kila siku, na kuandika, ilikuwa ndani ya kazi za Secchi mpaka mwisho wa maisha yake.

Darubini juu ya paa la kanisa

Hali ya Roma ilipotulia, Wajesuiti waliruhusiwa kurudi. Mwaka 1850, akiwa bado kijana wa miaka 32, Secchi alikabidhiwa kituo cha kutazamia nyota cha Chuo cha Roma. Jengo la zamani lilikuwa likitikisika na halikufaa kwa vyombo vizito. Kwa hiyo alihamishia kituo juu ya paa la Kanisa la Mtakatifu Ignasi, ambalo kuta zake nene zilijengwa kubeba kuba kubwa ambalo halikuwahi kujengwa. Darubini zikakaa pale, juu ya vichwa vya waumini.

Kutoka hapo alifanya kazi iliyompa jina duniani. Alipitisha mwanga wa nyota katika kioo kinachoupasua kuwa rangi, kama upinde wa mvua, akaona kwamba nyota hazifanani. Nyingine zina mistari meusi ya namna hii, nyingine ya namna ile. Alizichunguza nyota zaidi ya 4,000, moja baada ya nyingine, akazigawa katika makundi. Wanasayansi waliokuja baadaye waliboresha mgawanyo huo, lakini njia aliichonga yeye.

Hakuacha mambo ya hapa duniani. Alitengeneza mashine iliyojiandikia yenyewe upepo, joto, mvua na mgandamizo wa hewa usiku na mchana. Mwaka 1867 aliipeleka katika maonyesho makubwa ya Paris, nayo ikapewa tuzo. Watu walishangaa kuona kalamu zikichora hali ya hewa bila mkono wa mtu.

Aprili 1865: sahani inashushwa baharini

Sasa tufike kwenye habari inayotuhusu moja kwa moja.

Papa, kama mtawala wa nchi yenye pwani, alikuwa na meli zake. Mkuu wa jeshi lake la majini aliitwa Alessandro Cialdi, mtu aliyependa kuchunguza mawimbi na mwendo wa bahari. Cialdi alitaka kujua mwanga unafika kina gani baharini, na kwa nini chini huonekana mahali pengine na pengine hapaonekani. Alimwomba Secchi amsaidie.

Tarehe 20 Aprili 1865 walianza majaribio wakiwa katika meli ya mvuke ya Papa, iliyoitwa kwa jina la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, nje ya bandari ya Civitavecchia. Walikuwa na sahani za ukubwa na rangi mbalimbali. Moja ilikuwa kubwa kweli, upana wake zaidi ya mita 3, imetengenezwa kwa kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye duara la chuma. Nyingine zilikuwa ndogo. Walizifunga kamba, wakazishusha taratibu, na kuandika kina ambacho sahani ilipotea machoni.

Secchi hakuwa mtu wa kwanza kushusha kitu cheupe majini. Mabaharia waliomtangulia walishajaribu. Kilichokuwa kipya ni subira yake ya kuuliza kila kitu kinachoweza kudanganya jicho. Je, sahani kubwa huonekana chini zaidi kuliko ndogo? Je, nyeupe inashinda rangi nyingine? Jua likiwa juu na likiwa limeinama, jibu ni lilelile? Wingu likipita? Ukiangalia kutoka upande wa kivuli cha meli na upande wa jua?

Aligundua kwamba mambo hayo yote yana athari. Ndiyo maana mpaka leo anayepima kwa sahani hushauriwa kupima karibu na mchana, upande wa kivuli cha chombo, na kutumia sahani ya ukubwa uleule kila mara. Ukibadilisha sahani au saa, huwezi kulinganisha kipimo cha leo na cha jana.

Mwaka 1899 Mmarekani George Whipple alipendekeza sahani ndogo yenye robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi, ili jicho lione tofauti kwa urahisi. Siku hizi sahani za maziwani kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 20. Jina limebaki la padri: sahani ya Secchi.

Miaka ya mwisho

Septemba 1870 jeshi la Italia mpya iliyoungana liliingia Roma, na utawala wa Papa juu ya nchi ukaisha. Miaka mitatu baadaye mali za mashirika ya kitawa mjini zilichukuliwa na serikali. Wajesuiti walipoteza chuo chao. Secchi aliachwa aendelee na kituo chake, kwa sababu jina lake lilikuwa kubwa mno kumfukuza. Serikali mpya ilitaka awe upande wake, lakini hakukubali kumwacha Papa wala shirika lake.

Aliendelea na kazi katika hali hiyo ya wasiwasi, kama mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Aliugua tumbo na kufariki tarehe 26 Februari 1878, akiwa na umri wa miaka 59. Muda mfupi baadaye serikali ilikichukua kituo kile cha juu ya paa.

Vitabu vinavyosimulia maisha yake hutumia kurasa nyingi kwa jua na nyota, na mistari michache kwa sahani. Lakini sahani bado inashushwa majini kila siku, katika pwani na maziwa ya dunia nzima.

Sahani inafika Ziwa Viktoria

Mwaka 1927 Waingereza Michael Graham na Barton Worthington walikuja kuchunguza uvuvi wa Ziwa Viktoria, kwa kuwa ngege walikuwa wameanza kupungua katika nyavu. Ulikuwa uchunguzi wa kwanza mkubwa wa kisayansi katika ziwa lote. Walipima samaki, na walipima pia maji. Mwaka 1960 na 1961 mtafiti Jack Talling, akifanya kazi kutoka kituo cha utafiti cha Jinja, Uganda, alirudia kupima kwa makini. Miaka ya 1990 watafiti wengine walirudi tena.

Vipimo hivyo vilipowekwa pamoja, picha ilikuwa wazi. Wakati wa Talling, katika maji makuu, sahani ilionekana mpaka mita 5 na zaidi. Miaka ya 1990 ilipotea kwenye mita 3 au pungufu. Katika ghuba nyingi zenye watu na mashamba mengi, haikufika hata mita 1.

Kwa hiyo wazee hawakuwa wakiisifu tu zamani yao. Walichokiona kwa macho, sahani ilikithibitisha.

Sababu nazo zinajulikana. Udongo wa mashamba unapobebwa na mvua, kinyesi cha mifugo, maji machafu ya miji na majivu ya moto wa nyika huingiza ziwani mbolea nyingi. Mbolea hiyo hulisha mwani mdogo usioonekana mmojammoja, lakini ukiwa mwingi hugeuza maji kuwa kijani. Ukifa, huzama na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni ya chini. Samaki hukosa pumzi, kama watu waliofungiwa katika chumba chenye jiko la mkaa.

Furu aliyepewa jina la Mwalimu

Wapo watakaouliza: maji yakiwa ya kijani kidogo, samaki wanapata hasara gani? Tutoe mfano mmoja unaogusa Butiama.

Katika ziwa letu yupo furu mdogo ambaye mwaka 1985 wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Dume lake lina wekundu mgongoni. Anaye ndugu yake wa karibu ambaye dume lake ni la rangi ya buluu. Majike hawa wawili huchagua dume kwa rangi: wa mwekundu humfuata mwekundu, wa buluu humfuata wa buluu. Hivyo ndivyo koo hizi mbili zinavyobaki mbili.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kinachotokea maji yakichafuka. Mwanga unaopenya hupungua na rangi hazitofautiki vizuri. Jike hawezi kuchagua asichokiona. Katika maji maangavu, kama kando ya kisiwa cha Makobe katika Ghuba ya Speke, koo hizo mbili zilikutwa zimetengana. Katika sehemu zenye maji ya ukungu za Ghuba ya Mwanza, zilichanganyika. Walipolinganisha sehemu mbalimbali, waliona kwamba palipo na maji maangavu zaidi ndipo penye aina nyingi zaidi za furu.

Furu wa Ziwa Viktoria walikuwa aina zaidi ya 500, na inaaminika kwamba karibu 200 wametoweka. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliwala wengi. Lakini uchafu wa maji nao ulichangia, na huo haukuletwa na sangara. Umetoka nchi kavu, kwetu sisi.

Mto Mara, Machi 2022

Wasikilizaji wetu wa Butiama, Rorya na Musoma hawajasahau Machi 2022. Maji ya Mto Mara katika eneo la Kirumi yaligeuka rangi yakawa meusi, yakatoa harufu, na samaki wakaelea wamekufa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, nayo ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo mingi pamoja na kuoza kwa mimea ya majini, mambo yaliyomaliza oksijeni. Wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na ubishi ukaenea nchi nzima.

Hapa hatuamui nani alikuwa sahihi. Tunasema jambo moja tu. Mtu akiugua ghafla, daktari huuliza alikuwaje wiki iliyopita. Kama vijiji vya kando ya mto vingekuwa na daftari la kila wiki la uangavu wa maji, ubishi ule ungekuwa na mahali pa kuanzia. Tungeweza kusema maji yalianza kubadilika lini, yakianzia upande gani, taratibu au ghafla. Bila daftari kila mtu hubaki na maneno yake, na mnyonge ndiye asiyesikilizwa.

Unaweza kuitengeneza mwenyewe

Utafiti wa samaki na maji una wataalamu wake, wakiwemo wa TAFIRI, na vipimo vya sumu au vijidudu vinahitaji maabara. Sahani ya Secchi haiwezi kukuambia kama maji ni salama kunywa. Maji maangavu kabisa yanaweza kuwa na kipindupindu, kwa hiyo endelea kuchemsha. Lakini uangavu, ambao ni dalili ya kwanza ya afya ya ziwa, kikundi cha wavuvi au klabu ya mazingira ya shule kinaweza kuupima.

Chukua mfuniko wa ndoo au kipande cha bati chenye upana wa sentimita 20. Kipake rangi robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi, zipishane. Toboa katikati, pitisha kamba isiyovutika, na funga jiwe au chuma chini yake ili izame wima. Weka fundo au alama ya rangi kila nusu mita.

Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ukiwa ndani ya mtumbwi na mwenzako, upande wa kivuli. Usiingie majini kwa miguu. Mamba na viboko wa Mara tunawajua. Shusha mpaka sahani ipotee, soma kina. Pandisha mpaka ionekane tena, soma kina. Jumlisha, gawa kwa mbili. Andika tarehe, saa, mahali, rangi ya maji, na kama mvua ilinyesha jana. Wiki ijayo rudi palepale.

Kipimo kimoja hakina maana kubwa. Baada ya mvua za masika, maji ya midomo ya Mara, Grumeti na Mbalageti lazima yawe na tope. Maana inakuja baada ya mwaka mmoja na miwili, unapoweza kulinganisha masika na masika, kiangazi na kiangazi.

Padri Secchi alijua hivyo. Nyota zake 4,000 hakuzipata kwa usiku mmoja. Alipanda juu ya paa lile usiku baada ya usiku, akiwa na wafadhili na akiwa hana, nchi ikiwa ya Papa na ikiwa ya mfalme, akaandika alichokiona. Wajukuu wa wavuvi wa leo wa Mwigobero, Kibara na Kirumi nao watataka kujua ziwa lilikuwaje mikononi mwetu. Tukiwaachia daftari, hawatalazimika kubishana.

Kama kikundi chenu kimeanza kupima, tutumieni ujumbe katika kipindi chetu. Tutasoma vipimo vyenu hewani.